Shimo la Shomari

Katika mji ule mtu hakufa. Ama alikuwapo, ama hakuwahi kuwapo, na baina ya hayo mawili palikuwa na mwezi.

Ilikuwa hivi. Mtu akichukuliwa, na watu walichukuliwa asubuhi, chai ikiwa bado inatoa moshi, Ofisi ya Ukingo ilileta nyumbani kwake vitu vitatu: darubini ndogo ya bomba la bati, karatasi ya maelezo, na namba ya shimo. Mashimo yenyewe yalikuwa kwenye uso wa mwezi, karibu kabisa na ncha yake ya kushoto, mahali ambapo jua hupita kwa ubavu tu wala halichungulii ndani. Ukingo wa shimo hung'aa kama mdomo wa kikombe, na chini yake ni giza ambalo halijawahi kuguswa na mwanga. Humo, ilisema Ofisi, ndimo alimo mtu wenu. Yuko kivulini, hana shida. Kazi yenu ni kumwona. Mwezi una tabia ya kuyumba kidogo, kama mtu anayesinzia kitini. Zile siku unazoinamisha ncha upande wetu, pandeni juu ya paa alasiri, mtazame shimo lenu kwa bomba, mlichore shimo peke yake bila kitu kingine, mlete mchoro dirishani. Mchoro ukifanana na ule wa Ofisi, jina linapigwa muhuri, YUPO. Ukikosewa mara tatu, jina linaandikwa HAKUWAPO. Na hiyo haikuwa na maana ya kwamba amekufa. Ilikuwa na maana ya kwamba hakuzaliwa, hakuoa, hakuwahi kukaa kwenye kile kiti.

Kidawa alikuwa amekwisha kukosea mara mbili.

Baada ya mara ya kwanza, majirani walilisahau jina la baba yake Shomari. Walilitafuta mdomoni kama mtu anayetafuta punje iliyonasa kwenye jino, wakakata tamaa, wakaendelea na mazungumzo. Baada ya mara ya pili, shati la Shomari lililotundikwa msumarini lilianza kupungua. Leo lilimtosha kijana, kesho mtoto wa madrasa, na juzi Kidawa alipolishika lilikuwa na mikono mifupi kama vidole vyake. Fundi cherehani aliyemshonea Shomari kanzu miaka yote alimuuliza Kidawa, kwa upole, bila dhihaka hata kidogo, Shomari yupi huyo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, ule upole. Mtu mwenye dhihaka anajua anachokificha.

Saa za mji ule nazo hazikusaidia. Kila mtaa ulikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na siku yake. Ukisimama sokoni ilikuwa Alhamisi na Kidawa alikuwa ameolewa miaka arobaini. Ukivuka kwenda kisimani ilikuwa Jumatatu na ndoa ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi alipomimina chai mkono wake ulisita juu ya kikombe cha pili. Ulisita. Haukukataa wala haukumimina. Akauangalia mkono wake mwenyewe kwa jicho la mashaka. Na wewe je, uko upande wa nani?

Sasa ilibaki alasiri moja.

Kwanza aliyashuku macho yake. Akayaosha kwa maji ya mchaichai, akayapumzisha, akayajaribu kwa kuhesabu vigae vya nyumba ya mbali. Macho yalikuwa mazima. Kisha akaushuku mwezi. Alasiri zote mbili alizotazama, pale kwenye ncha ya kushoto hakuona shimo. Aliona uzi. Mstari mweupe mwembamba, umelala ukingoni, na chini yake weusi usiozidi unene wa kope. Aliuchora uzi kama alivyouona, kwa sababu hakujua kuchora asichokiona. Karani wa dirishani, Msellem, kijana aliyekuwa na mafua yasiyoisha, aliuangalia, akaulinganisha na karatasi iliyokuwa upande wake, akatikisa kichwa. Haufanani, mama. Kisha akampitishia kikombe chake cha maji kwenye uwazi wa dirisha, maana aliona midomo yake imekauka. Kidawa aliyanywa. Njiani akajiuliza kwa nini mtu anayemfutia mume amjali kiu.

Mwisho, kwa sababu hakubaki mwingine wa kumshuku, alimshuku Pandu.

Pandu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, fundi saa katika mji ambao hakuna aliyetaka saa yake irekebishwe. Hakuwa na mke wala ndugu, hivyo hakuna aliyechukuliwa nyumbani kwake, hivyo hakuwa na bomba wala shimo. Siku darubini ilipoletwa, yeye ndiye aliyeibeba hadi juu ya paa, akaisimamisha, akaielekeza. Kila alasiri ya kutazama alikuja kabla ya wakati na kitambaa laini akafuta vioo. Alimletea viazi vitamu vya moto vilivyofungwa kwenye gazeti. Alimshikia ngazi. Akikaa, alikaa amegeuza uso, kwa sababu katika mji ule ilikuwa aibu kuutazama mwezi kwa jicho tupu. Ilikuwa ni kama kuchungulia chumba cha watu waliolala. Watu walitembea alasiri wameinamisha kofia na kuvuta kanga mbele. Mwenye bomba alitazama kwa bomba, na asiye na bomba alitazama chini.

Kidawa akavipanga vitendo hivyo vya wema kimoja kimoja, usiku kitandani na asubuhi jikoni, kama mtu anayechambua mchele, na kila kimoja alikigeuza akatafuta jiwe. Kwa nini aje kabla ya wakati? Kwa nini kitambaa kiwe chake? Kwa nini viazi? Nani mwingine ameligusa bomba hili? Hakuna. Mimi na yeye. Na mimi sijajikosea mwenyewe mara mbili. Au nimejikosea?

Alasiri ya tatu alipanda peke yake, jua bado kali. Aliitandaza ile karatasi ya maelezo kwenye sakafu ya paa, akaikandamiza na kokoto, akasoma polepole kwa kidole. Darubini ina vitu vinne, ilisema: miguu, bomba, kioo cha mbele, kioo cha jicho. Akaifungua. Miguu. Bomba. Kioo cha mbele. Kioo cha jicho. Na katikati ya bomba, kimebanwa vizuri kwa kipande cha ngozi kisitingishike, kipete cha shaba chenye vioo viwili vidogo.

Vitu vitano.

Alikiweka kwenye kiganja akakaa nacho. Hakulia. Alihisi kitu kinachofanana na raha, ile raha mbaya ya mtu aliyemhisi mwizi kwa muda mrefu na sasa ameusikia mlango ukiguswa.

Pandu alipotokeza kichwa juu ya ngazi, gazeti la viazi likiwa kwapani, alikiona kipete kiganjani, na uso wake haukubadilika. Akasema, "Ah, umekitoa. Kimeingia vumbi?"

"Ni chako?"

"Changu. Nilikitoa kwenye kifaa kibovu cha wapima ardhi."

"Miezi mitatu unanilisha viazi, Fundi, na huku unanifutia mume."

Pandu alikaa chini pale pale, miguu ikining'inia kwenye ngazi. Kwanza alidhani anataniwa, akatabasamu nusu, kisha tabasamu likakosa mahali pa kwenda. Akaeleza. Siku ya kwanza kabisa Kidawa alipoweka jicho kwenye bomba alishikwa na kizunguzungu hata akatapika kwenye ndoo, je, anakumbuka? Akilisukuma bomba kulia kuutafuta mwezi, ulizidi kukimbia kulia. Akiliinua, mwezi nao ulipanda. Mabomba yote ya namna ile ndivyo yalivyo, vioo vyake vinapindua kila kitu, kichwa chini na miguu juu, kulia kuwa kushoto. Yeye aliona mama huyu ataanguka kutoka paani. Akaenda kwenye sanduku lake akatafuta, akapata kile kipete, ambacho kazi yake ni kurudisha kitu kama kilivyo. Aliyasema haya kama mtu anayeeleza kwamba aliongeza chumvi kidogo kwenye mchuzi wa mgonjwa.

"Hukuniambia," alisema Kidawa.

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekuwekea kioo? Ulikuwa unatapika, Bi Kidawa."

Hakumwamini. Miezi mitatu ya mashaka haiondoki kwa maneno machache yaliyosemwa kwenye ngazi. Lakini kulikuwa na njia ya kuhakikisha, na njia hiyo haikuhitaji kumwamini mtu. Akalifunga bomba bila kipete. Vitu vinne, kama karatasi inavyotaka. Pandu akauliza kama amwelekezee, naye akasema la, akalielekeza mwenyewe mashariki, akalisukuma kinyume cha alivyozoea, hata mwezi ukaingia.

Nusu mwezi wa alasiri, mweupe kama kipande cha muhogo. Lakini umepinduka. Miezi mitatu ameuona umekaa kama bakuli lililofunikwa, mgongo wake juu. Sasa umekaa kama bakuli la uji, mdomo wake juu. Akatafuta ncha ya kushoto. Na pale palipokuwa na uzi palikuwa na shimo. Kubwa, la mviringo, limeinamishwa kuelekea kwake kama mtu anayempa sikio, ukingo wake wote unawaka, na ndani yake giza tulivu. Halikuhitaji kutafutwa. Mtoto angelichora.

Akalichora. Mkono haukusita hata mara moja. Alipomaliza, jina la baba yake Shomari, ambalo hata yeye lilikuwa limempotea, lilimjia, Faki, Shomari Faki, hivi hivi tu, kama jina la mtu uliyemwona jana.

Hapo angeweza kushuka ngazi. Wengi wangeshuka. Lakini Kidawa alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: kila asubuhi, baada ya kuosha kikombe, aligeukia upande ule wa anga akazungumza na Shomari. Si mambo makubwa. Bei ya mafuta ya taa, goti lake, paka wa jirani. Aliuliza kama kuna baridi. Aliyaelekeza maneno yale kwenye ule uzi, kwa sababu ndipo alipodhani yupo. Sasa alikuwa na miezi miwili, mmoja wa kipete na mmoja wa bila kipete, na ncha mbili za kushoto, na moja tu kati ya hizo ilikuwa na mume wake. Nani ataamua? Pandu? Ofisi? Bomba dhidi ya bomba?

Alivuta kanga nyuma, akainua uso, akautazama mwezi kwa jicho tupu.

Pandu alifumba macho yake kwa haya. Alimsihi kwa sauti ya chini asifanye hivyo, watu wako mapaani. Kidawa aliendelea kutazama. Hakuna kilichotokea. Mwezi haukuona haya. Ulikaa pale mashariki kama bakuli lililofunikwa, mgongo juu.

Bakuli lililofunikwa. Kipete kilikuwa kinasema kweli. Na ile ncha ambayo Ofisi inaiita ya kushoto, ile yenye shimo kubwa linalompa sikio, ilikuwa ncha ya kulia.

Alimweleza Pandu. Fundi alielewa kabla hajamaliza, akasema neno la mtu mwenye busara: apeleke ule mchoro unaofanana, apigiwe muhuri, mengine baadaye. Jina kwanza. Kidawa akamuuliza, na Shomari mwenyewe je, yuko wapi? Pandu alimshikia ngazi, na alipofika chini akampa gazeti la viazi ale foleni ikiwa ndefu. Alilipokea. Alijaribu kukishuku kitendo kile akashindwa, akashangaa jinsi mikono yake ilivyokuwa mizito baada ya kuacha, kama ya mtu aliyetua mzigo sasa hivi.

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Watu thelathini au zaidi, kila mmoja na karatasi yake imekunjwa kwapani, hakuna anayemwonyesha mwenzake. Watu wa mji ule walisimama foleni kama wanavyosimama kwenye ukungu, kila mtu akimwona aliye mbele yake tu, tena mgongo. Kidawa alisogea. Alikula kiazi kimoja. Alifikiri: mtu yupo kwa sababu anaonwa, au anaonwa kwa sababu yupo? Nikifumba macho, kuta hazianguki. Mimi mwenyewe nani ananiona, mbona sipungui kama lile shati? Au napungua, ila hakuna wa kuniambia? Na wale walioko Ofisini wanaotuona sisi sote, wao wako kwenye shimo la nani?

Zamu yake ilipofika Msellem alipiga chafya, akaomba radhi, akaupokea mchoro. Akaulinganisha. Akatabasamu, na tabasamu lilikuwa la mtu aliyepata nafuu.

"Umefanana, mama. Sawasawa kabisa." Akafungua daftari, akatafuta mstari, akaunyanyua muhuri.

Kidawa akaweka kiganja chake juu ya jina.

Hakupanga kufanya hivyo. Mkono ulikwenda. Muhuri ukabaki hewani.

"Mwanangu," alisema, "nina swali moja, si la kubishana. Mimi huzungumza naye asubuhi. Nataka kujua nigeukie wapi."

Msellem alimwambia ageukie ncha ya kushoto, kama ilivyoandikwa. Kidawa akauliza, kushoto kwa bomba au kushoto kwa mwezi? Kwa sababu bomba linapindua. Amejaribu, ameona, na shimo alilolichora hapa, hili linalofanana na la Ofisi, kwa mwezi ulivyo liko kulia. Alisema polepole, kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa nyuma yake walisikia kila neno. Msellem alijibu kwamba bomba la Ofisi ni kubwa, haliwezi kukosea. Kidawa akauliza lina vitu vingapi. Kijana akahesabu kwa vidole. Vinne, alisema.

Kisha akainama hadi uso wake ukafika kwenye uwazi wa dirisha, akanong'ona. "Mama, ondoa mkono. Nikipiga hapa umemaliza, ameokoka. Usiniulize kitu halafu nikakijua."

Huu nao ulikuwa wema, na safari hii alijua una nini ndani yake. Ulikuwa na hofu, na hofu ile haikuwa yake yeye, ilikuwa ya kijana. Alikitazama kiganja chake. Chini yake lilikuwa jina la Shomari, na kalamu nyekundu ya kuandikia HAKUWAPO ilikuwa kando ya daftari, na ilitosha kijana yule abadilishe chombo kimoja kwa kingine, asubuhi aamke mwanamke ambaye hajawahi kuolewa, anamimina kikombe kimoja bila kusita. Lakini hakuondoa mkono.

"Toka nje uangalie," alisema. "Kwa macho yako tu."

Msellem alitoka na karatasi yake ya kulinganishia. Labda kwa sababu alichoka na mafua na chafya na dirisha, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia atoke. Alisimama kizingitini, akaweka kiganja juu ya paji la uso, akainua kichwa. Foleni nzima ilimwona mtu wa Ofisi akiutazama mwezi kwa jicho tupu. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoirudia karatasi yake, alikuwa ameishika kwa mikono miwili, akaizungusha pole pole hata chini ikawa juu.

Mwanamke wa pili kwenye foleni akainua uso. Kisha mzee aliyemfuatia. Kofia zikarudi nyuma, kanga zikashuka mabegani, na karatasi thelathini zilitoka kwapani zikafunguliwa, na kwa mara ya kwanza kila mtu akaona ya mwenzake. Zikageuzwa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyepiga kelele. Palisikika mchakacho wa karatasi tu, kama majani makavu yanayopinduliwa na kuku.

Kila mmoja alipiga hesabu yake kimoyomoyo, akafika kwenye jibu lile lile kwa wakati wake. Mtu aliyeficha ufunguo wake chini ya mtungi hasemi uko darini. Ofisi ilidai imewaweka watu mia tatu wa mji ule mahali fulani, na haikujua mahali hapo pako upande gani. Basi haikuwaweka hapo. Haikuwahi kuwaweka hapo. Mashimo ya mwezi yalikuwa mashimo tu, mazuri, baridi, matupu, na walikuwa wamezungumza nayo miaka yote huku migongo yao imegeukia kitu kingine.

"Hawako kule," alisema Kidawa. Hakuna aliyembishia. Akaigeukia foleni, akaziangalia zile nyuso, nyingi alikuwa hazijui kwa sababu alizoea visogo. "Mimi namtafuta Shomari Faki. Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi. Nani alimwona mara ya mwisho? Kwa macho, si kwa bomba."

Walitazamana. Alidhani hakuna atakayesema. Alidhani pia, maana mashaka yalikuwa bado mwilini kama homa iliyoanza kushuka, kwamba atakayesema atakuwa ametumwa. Kisha mwanamke mnene aliyekuwa karibu na mwisho wa foleni, aliyebeba karatasi ya mdogo wake, alisema yeye alimwona. Siku hiyo hiyo, asubuhi. Alikuwa anapita na ndoo mbili za maji kwenye kile kichochoro chembamba, wakaja nao kwa mbele, watu watatu na yeye katikati, mikono imefungwa nyuma. Wale watatu hawakumjali.

"Yeye akajibana ukutani," alisema, "akanipisha nipite. Akaniambia, pole na mzigo."

Kidawa alimwamini. Hakuhitaji kitu kingine. Mtu aliyetumwa asingejua kulitunga hilo.

"Walielekea wapi?"

Mwanamke aliweka ndoo ambazo hakuwa nazo, hivyo ndivyo mikono yake ilivyokwenda, akasema kichochoro kile hutokea Ofisini na aligeuka akawaona wakiingia, kisha akanyoosha kidole. Hakukinyoosha angani. Alikielekeza mbele, juu ya mabega ya watu wote, kupita dirisha na daftari na kiti kitupu cha karani, kwenye mlango mfupi wa mbao uliokuwa nyuma ya meza, uliopakwa rangi ile ile ya ukuta.

Watu wakamgeukia Msellem. Alikuwa bado kizingitini na ile karatasi. Aliutazama mlango ambao ameupa mgongo miaka yote ya kazi yake, na wote waliona kwamba hajui uliko mwisho wake, na kwamba hajawahi kutaka kujua. Akapenga kamasi. Akaingia ndani, akavuta mtoto wa meza, akaanza kutafuta ufunguo.